Neno Lililotoka Nyumbani Kwetu

Kaka yangu alipokuja Makambako kuanza kazi, alikuwa na begi moja, viatu vya mpira, na karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mama ndiye aliyeifunga. Alinipigia simu asubuhi hiyo kutoka Kifanya kuniambia mambo mawili: kwamba kaka ameshapanda gari, na kwamba bosi wake akabidhiwe karatasi siku hiyo hiyo aisome, asije akasema baadaye kwamba hakuambiwa. Mama anapenda mambo yaende kwa maandishi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la pili, na huenda ndiyo sababu.

Nianze na habari ya karatasi, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kaka ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yalipoanza kumtoka mimi mdogo wake nilikuwa nimeshampita. Kijijini hawakukosa la kusema. Wako waliosema mama alikanyaga dawa akiwa mjamzito. Wako waliomnyooshea bibi kidole. Na wako waliosema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, kwamba baba aliuza akili ya mtoto ili mahindi yake yastawi. Baba alizisikia habari hizo, na kuanzia hapo kila mwaka mahindi yalipostawi alinuna mpaka mavuno.

Mama akachoka. Akamfunga kaka mgongoni, mtoto wa miaka saba ambaye miguu yake ilikuwa inampiga magotini, akaenda naye hospitali. Alirudi na karatasi yenye muhuri. Daktari alikuwa ameandika jina la kaka na umri wake, na palipoandikwa "tatizo" akajaza neno moja tu: taahira.

Kwetu wakati huo Kiswahili kilikuwa cha shule, cha ofisini na cha mahubiri. Nyumbani ni Kibena mwanzo hadi mwisho, na maneno yote ya Kibena ya kumwelezea kaka yalikuwa yameshatumika kumsema. Hili lilikuwa jipya. Limetoka kwa mtu mwenye koti jeupe, na hakuna jirani aliyewahi kulitia mdomoni. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, mama alisimama kanisani akaomba nafasi. Akawaambia waumini kwamba mwanawe hakulogwa na mtu, wala mume wake hana dawa ya mahindi. Mwanawe ni taahira, na imeandikwa. Akainua karatasi wakaiona hadi waliokaa nyuma.

Tangu siku hiyo likawa neno letu. Mgeni akija, mama hututambulisha: huyu wa kike anasoma vizuri, huyu wa kiume ni taahira. Kaka naye, alipoweza kuunganisha maneno, akajitambulisha hivyo hivyo. Ananyoosha mkono, anataja jina lake, halafu anasema, "Mimi ni taahira," kwa sauti ile ile ambayo mjomba wetu alisemea kwamba yeye ni seremala.

Sasa turudi Makambako. Nilimpokea stendi tukatembea kwenda kwangu, na njia inapita kando ya soko, pale wanaposhusha viazi. Siku hiyo upepo ulikuwa wa kawaida yetu, ule wa kukufanya ushike kitenge kwa mkono mmoja na macho kwa mwingine. Mtu wa mkokoteni alikuwa ameziba njia, na dereva wa bajaji akatoa kichwa nje akamwambia, "Toa mzigo wako hapo, taahira wewe."

Kaka akasimama. Akageuka, akaitika, "Naam." Akaweka begi chini, akamwendea yule dereva na mkono ameshaunyoosha. Akamtajia jina lake, akamweleza kwamba anatoka Kifanya na amekuja kwa kazi ya miche. Dereva akamtazama, akamtazama mwenye mkokoteni, kisha wakaangua kicheko, wao na wabeba viazi wote waliokuwa pale, mpaka mmoja akaegemea gunia. Kaka naye akacheka, kwa sababu watu wakicheka yeye hucheka. Akarudi kwangu uso umemnawiri.

"Wananijua," akaniambia. "Hata nyumbani sijafika, wananijua."

Mimi ni mwepesi wa hasira. Mtaani wanajua, na wateja wangu wanajua zaidi. Lakini siku ile sikumgeukia dereva. Nilichukua begi la kaka nikatangulia. Njiani nilikuwa nahesabu ni mara ngapi kwa siku nalisikia neno lile pale sokoni, stendi, kwenye vijiwe vya bodaboda, hata getini kwa shule, na nikaona wazi kwamba itafika siku kaka atageuka kumwitikia mtu na mtu huyo atamweleza, tena bila huruma. Mama alipopiga simu jioni kuuliza kama bosi amesoma karatasi, nilimwambia amesoma. Nilidanganya. Karatasi ilikuwa kwenye droo yangu.

Nina steshenari ndogo: kuchapa, kutoa kopi, kupiga lamineti, picha za pasipoti. Kazi ya namna hii inamfanya mtu asome karatasi za watu hata kama hataki, nami nataka. Kwa miaka mingi nimechapa fomu za shule na za ofisi, na nikikaa nikifikiri nakumbuka jinsi maneno yalivyobadilishana zamu. Zamani kwenye nafasi ile ya tatizo la mtoto walikuwa wakiandika taahira. Baadaye likaondoka, ikaja mtindio wa ubongo. Huo nao haukudumu, wanafunzi wakaanza kuambiana kwamba wana mtindio, ukaja ulemavu wa akili. Siku hizi fomu zinasema mahitaji maalumu. Na mwaka jana tu, mvulana wa sare alikuwa ananisubiri nimtolee kopi, mwenzake akaangusha karatasi zote sakafuni, naye akamwambia, "We jamaa una mahitaji maalumu." Nilicheka siku ile. Baada ya kaka kufika niliikumbuka tena, na safari hii nikataka kujua hasa. Neno linatokaje kwenye karatasi yenye muhuri likafika kwenye mdomo wa dereva wa bajaji? Nani analibeba? Lazima kuna mtu alilibeba.

Nilianza na mteja, msichana wa sekondari aliyekuja kuchapa kazi ya darasani. Nikamuuliza taahira maana yake nini. Akaniangalia kwa mashaka, akasema, mama, hilo ni tusi. Nikamwambia lilikuwa neno la hospitali. Akadhani namtania. Alilipia kopi zake akaondoka anatabasamu, na nikabaki na karatasi ya kaka mkononi nikijiona mtu aliyeshika noti ya zamani ambayo hakuna duka linaipokea.

Kisha nikafikiri, kwa nini nisimtafute aliyeandika. Niliulizia kwa watu wa kanisani nikaambiwa daktari yule alistaafu siku nyingi, yuko Yakobi, karibu na Njombe, ana shamba la parachichi. Jumapili nikapanda gari kwenda Njombe, na mchana nikawa uani kwake. Nilimkuta amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, anafunga mche uliolazwa na upepo. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kana kwamba alikuwa ananitarajia. Nilipomkabidhi karatasi alikwenda kwanza kunawa udongo, akarudi na miwani.

Alisoma muda mrefu, ingawa hapakuwa na mengi ya kusoma. Akasema mwandiko ni wake. Akaniuliza kama mtoto yu hai, nikamwambia ni mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini na ana kazi. Hapo akavua miwani.

Alinieleza mengi, na nitayafupisha. Alisema walipokuwa chuoni walikatazwa kuandika maneno ya mitaani, zuzu, punguani na kadhalika, kwa sababu mgonjwa hatukanwi kwenye cheti chake. Wakapewa hili. Walifundishwa kwamba asili yake ni kuchelewa, na yeye alilipenda kwa sababu hiyo. Mama yangu alipoketi mbele yake na mtoto mgongoni, alimweleza hivyo: huyu hajapotea, amechelewa. Niliposikia hivyo nilikumbuka kitu. Mama alimnunulia kaka daftari la darasa la kwanza na penseli mwaka aliotoka hospitali, na vyote viwili viko kabatini mpaka leo, daftari halijafunguliwa. Siku zote nilidhani ni kusahau, kumbe alikuwa anamsubiri.

"Na lilianzaje kuwa tusi?" nikamuuliza.

"Mimi nililiandika tu," akasema. "Mlikwenda nalo nyumbani ninyi."

Hakusema kwa ubaya. Aliniongezea chai, akanifungia parachichi kwenye mfuko, akaniomba nimsalimie mama. Lakini neno lile "ninyi" nilirudi nalo Makambako, na lilikuwa linanikera kama jiwe dogo kwenye kiatu.

Wakati huo kaka alikuwa ameshafanya kazi zaidi ya wiki bila bosi wake kusoma chochote. Bosi huyu si mtu wa kigeni kwetu. Ni wa Kifanya pia, tulisoma naye darasa moja, na sasa ana kitalu cha miche ya misindano na parachichi nje kidogo ya mji. Alimtaka kaka kwa sababu aliona viriba vyake. Viriba ni vile vifuko vyeusi vya plastiki vya kuoteshea miche, na watu wengi huvijaza upesi, wanaweka udongo, wanapiga juu, basi. Ndani kunabaki uwazi, mzizi ukifika pale unakauka, na mwenye kitalu anajua baada ya miezi. Kaka anajaza kwa awamu tatu. Udongo kidogo, anabonyeza chini kwa dole gumba, udongo tena, anakigonga kiriba mara mbili kwenye goti, kisha anamalizia. Hawezi kuhesabu kupita ishirini, kwa hiyo anapanga viriba ishirini ishirini, na mistari yake imenyooka kuliko ya mtu mwenye kamba. Mama ndiye aliyemfundisha hivyo, kwenye miche yetu ya nyumbani, kwa subira ambayo mimi sikuwahi kupewa.

Mama alipiga tena simu. Safari hii aliuliza bosi alisema nini aliposoma. Niliona uongo wangu unataka kuzaa, nikafunga duka mapema nikaenda kitaluni na karatasi. Kaka alikuwa upande wa pili amejiinamia kwenye lundo la udongo, hakuniona. Nikampa yule mwenzetu karatasi nikamwambia ni agizo la mama.

Akaisoma amesimama. Akatoa kicheko kifupi cha puani, akanitazama.

"Unajua wa kwanza kuniita hivi ni wewe?"

Nikamwambia hapana. Akasema ndiyo. Akanikumbusha: darasa la nne, bombani, asubuhi ya baridi kali, barafu nyeupe juu ya majani. Aliipiga teke ndoo yangu kwa bahati mbaya akikimbia, maji yakanimwagikia miguuni. Nami nikamwambia, wewe taahira. Hakujua maana yake. Alichojua ni sura yangu nilipolisema. Aliuliza wenzake, hakuna aliyelijua, mpaka mmoja akasema, kwani si lile neno la mtoto mwenye karatasi kanisani? Kesho yake naye alimwita mwenzake hivyo. Mpaka wiki inakwisha shule nzima ilikuwa nalo.

"Matusi ya Kibena tulikuwa nayo ya kutosha," akasema. "Hilo lilikuwa la Kiswahili, tena la hospitali. Mwalimu mwenyewe hakujua kama atuchape au asituchape."

Nilimuuliza kama shule nyingine lilifika kwa njia hiyo. Alifikiri. Akasema alipokwenda sekondari Njombe aliwakuta wenzake wa Wanging'ombe nao wanalo tayari, na kila mmoja alidhani ni la kijijini kwao. Sidai kwamba nchi nzima ilijifunza kwangu. Lakini nilipokuwa nimesimama pale kati ya mistari ya ishirini ishirini nilielewa nilichokuwa natafuta. Kila kijiji kilikuwa na nyumba moja yenye karatasi, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na ndugu mwenye mdomo. Jirani hakuwa nalo neno, wala madereva hawakuwa nalo. Sisi ndio tulikuwa nalo.

Na ndoo ile niliikumbuka. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilikuwa naikumbuka miaka yote, maji ya baridi kwenye vidole vya miguu na jinsi nilivyotafuta neno la kumuumiza nikalipata haraka, la karibu kabisa, kana kwamba lilikuwa kwenye ncha ya ulimi tangu zamani. Maana yake nilipokuwa nyumbani nikilisikia kwa sauti ya mama ya fahari, moyoni nilikuwa nimeshalifanya kitu kingine. Niliona aibu kwa ajili ya kaka yangu kabla mtu yeyote hajanifundisha. Naandika hivi na bado naona haya.

Yule mwenzetu alinirudishia karatasi akasema haihitaji, viriba anaviona. Kitaluni kwake atakataza neno hilo, alisema, lakini mjini hana mamlaka. Akaniuliza kama kaka anajua. Nikasema hajui.

Nilimwambia Jumamosi, mchana kweupe, uani kwangu. Alikuwa ananijazia viriba vya parachichi, kwa mbegu za yale matunda niliyopewa Yakobi. Nikaketi naye nikajaza na mimi, ili nisimkabili uso kwa uso. Vyangu alikuwa anavichukua kimya kimya, anavimwaga, anavijaza upya.

"Kaka," nikasema, "lile neno la kwenye karatasi. Hapa mjini watu wanatukana nalo."

Akabonyeza kwa dole gumba. Akagonga gotini mara mbili.

"Yule wa bajaji?"

"Alikuwa anamtukana mwenye mkokoteni."

"Hakuwa ananiita mimi."

"Hakuwa anakuita."

Alimaliza kiriba hicho, akakiweka kwenye mstari, akakisogeza kidogo kikae sawa. Akachukua kingine lakini hakukijaza.

"Nani alianza?"

Ndilo swali nililozunguka nalo wiki tatu. Nilikuwa na majibu mazuri ya kumpa. Ningeweza kusema chuo cha madaktari, fomu, shule, mji, dunia ilivyo, na yote yangekuwa na ukweli ndani yake, naye angeridhika kwa sababu ananiamini.

"Kule kwetu nilianza mimi," nikasema. "Nilimtukana nalo bosi wako, tukiwa watoto."

Aliangalia kiriba kilichokuwa mkononi mwangu. Akakichukua, akamwaga udongo, akaanza upya, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie," akasema. "Mama analipenda."

Tangu siku hiyo hajitambulishi hivyo hapa Makambako. Anataja jina lake na kusema yeye ni wa miche. Tukipita sokoni pamoja na mtu akalirusha neno lile, kaka hageuki. Anatazama mbele na kuendelea kutembea. Ni mimi niliyetaka iwe hivyo, nikasafiri mpaka Yakobi kwa ajili hiyo, na kila linapotokea natamani angalau sikio lake litikisike kama zamani. Nimemnyang'anya mji mzima uliokuwa unamjua, na sikumpa kitu badala yake.

Mwezi uliopita tulikwenda Kifanya kumwona mama. Kulikuwa na mchungaji mpya, kijana, ametoka mjini, na baada ya ibada alisimama mlangoni kusalimiana na waumini. Mama siku hizi anatembea kwa fimbo. Alimshika kaka mkono akampeleka mbele, akangoja mpaka watu watulie kidogo, kama alivyongoja siku ile ya karatasi.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Ni taahira."

Mchungaji alishtuka. Nilimwona akifungua mdomo, na kwa jinsi alivyokunja uso nilijua anataka kumrekebisha bibi kizee kwa upole, amfundishe neno la siku hizi. Kaka alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Naam," akasema. "Ndiye mimi."

Akaushika mkono wa mchungaji, akautikisa, hakuuachia mpaka mdomo wa yule kijana ukafungika. Na juu ya kitambaa cha kichwa cha mama, akanitazama mimi, kuona kama safari hii nitanyamaza.